Matabaka ya Pemba: lipi la mwanzo, lipi la mwisho, na yanasema nini kuhusu mkondo wa Pemba?

bint_Wete

Assalamu alaykum wanajamvi.

Nnaomba msaada wa wanaoijua jiolojia ya visiwani. Kuna machimbo ya kifusi upande wa Wete, ukuta wake una kimo cha meta 9 hivi, na matabaka yanajitokeza vizuri khasa asubuhi jua likipiga ubavuni. Nimeyapima kwa futikamba iliyoning'inizwa wima, kutoka chini kwenda juu:

- kinamo cha kijivu chenye vipande vya makombe, meta 2.4
- mchanga wa manjano wenye mistari ya mshazari ndani yake, meta 3.1
- utando wa makombe ya chaza, sentimita 20
- kinamo tena, kijivu kilichoingia wekundu, meta 1.8
- changarawe na mchanga mwekundu, meta 1.5

Manne ya chini yameinama digrii 12 kuelekea mashariki. La juu kabisa limelala sawa. Ukitelemka mpaka pwani unakuta jiwe la matumbawe la uwanda, na lenyewe limelala sawa.

Maswali yangu matatu. Kwanza, jiwe la pwani ndilo la zamani kuliko yote kwa kuwa liko chini? Pili, umri wa miaka tunaupataje? Nimeshauriwa kupeleka makombe yakapimwe kwa kaboni 14. Tatu, mwinamo huu ni ushahidi kwamba Pemba ilivunjika ikaachana na Bara? Nnaandaa somo la vitendo kwa vijana wa skuli, sitaki niwafundishe jambo ambalo baadaye watalazimika kulifuta.

mwana_wa_uwanda

Waalaykum salaam bibie. Umeanza palipo sahihi, kupima kutoka chini.

Swali la kwanza: hapana. Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari si umri wake. Kanuni ya Nicolas Steno ya mwaka 1669, kwamba tabaka la chini limetangulia la juu, inafanya kazi ndani ya rundo moja la matabaka. Haivuki kutoka kilimani kwenda pwani. Uwanda wa matumbawe haukupita chini ya kilima, umejibandika ubavuni mwake. Fikiria nyumba ya zamani ya mawe ambayo wenyewe wameiongezea baraza. Baraza liko chini kuliko dari, lakini nyumba ndiyo iliyotangulia. Vinamo na michanga ya vilima vya Pemba ni vya Miosini, yaani baina ya miaka milioni 23.03 na milioni 5.33 iliyopita. Jiwe la matumbawe la pwani ni la Pleistosini, iliyoanza miaka milioni 2.58 iliyopita. Jiwe la chini kwa kimo ndilo changa, tena kwa mbali.

Usiwaambie vijana waliamini hilo kwa sababu limeandikwa. Wapeleke pahala matumbawe yanapokutana na kinamo, maji yakiwa yamekupwa, na uwape mambo matatu ya kutafuta. La kwanza, vipande vya kinamo au chaza wa kilimani vilivyonaswa ndani ya jiwe la matumbawe. Kipande kilichomo ndani ya jiwe lazima kiwe kilikuwepo kabla ya jiwe. La pili, uso wa kinamo chini ya matumbawe, kama umechimbika na kuparuzika kabla matumbawe hayajaota. La tatu, matumbawe yenyewe kama yamesimama yalivyoota, kichwa juu na shina limeshika chini, au yamebingirishwa na mawimbi. Yaliyobingirishwa hayafai kupimwa umri wala kimo.

Sasa tizama mpaka wa tabaka lako la nne na la tano. Kwangu mimi hapo ndipo penye thamani kuliko ukuta wote. Manne yaliwekwa yakiwa yamelala. Yakainama. Yakaliwa na mvua na mito mpaka yakakatwa sawasawa. Kisha changarawe ikamwagwa juu ya kovu hilo. Mstari mmoja unaoweza kuufunika kwa kiganja umebeba matukio matatu, na huenda muda uliopotea hapo ni mrefu kuliko muda wote uliohifadhiwa katika meta 9. James Hutton alisimama mbele ya mkato wa namna hii Siccar Point, Scotland, mwaka 1788, na ndiyo hoja aliyoitumia kuonyesha kuwa dunia ina umri mkubwa mno.

Lakini hakikisha ni mkato kweli. Nchini kwetu mvua hushusha chuma na kufanya wekundu unaoishia kwa mstari mkali, na mstari huo haufuati matabaka. Ufuatilie mpaka huo ukutani meta 20 au 30. Kama ni mkato wa kweli, changarawe itakaa juu ya kinamo cha nne pahala pamoja, na mbele kidogo itakaa juu ya chaza au juu ya mchanga wa pili. Pia chini ya changarawe utakuta punje kubwa zaidi na vidonge vya kinamo kilichong'olewa. Kama wekundu unapita tu katikati ya kinamo kilekile bila punje kubadilika, hiyo ni rangi tu.

dira_na_nyundo

Kabla hatujafika mbali: hizo digrii 12 umezisoma kwenye ukuta mmoja? Kama ni mmoja, si mwinamo wa kweli. Ni mwinamo ule ukuta unaouonyesha.

Tabaka lililoinama ni kama paa la bati. Ukilitizama kwa ubavu unaona mteremko wote, ukilitizama kwa mbele unaona mstari ulionyooka. Ukuta uliokatwa sambamba na mstari wa usawa wa tabaka, yaani mstari wa usoni mwake usiopanda wala kushuka, utaonyesha sifuri hata kama tabaka limeinama digrii 40. Tabaka la mwinamo wa kweli wa 12, likikatwa na ukuta uliokaa digrii 30 kutoka mstari wa usawa, litaonekana limeinama 6 tu.

Njia mbili. Ya kwanza: chokoa kinamo kwa kisu mpaka upate uso wa tabaka wenye upana wa daftari, weka ubao mwembamba juu yake, tafuta kwa pima-maji mstari ambao haupandi wala haushuki, kisha pima mteremko kwa pembe mraba na mstari huo. Fanya mara 5 pahala tofauti uchukue wastani, kwa kuwa uso wa kinamo una mabonde yake madogo. Ya pili: tafuta ukuta mwengine uliokatwa kwa pembe mraba na huu, usome mwinamo wake. Chukua tanjenti ya kila mwinamo, zidisha kila moja kwa nafsi yake, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Jawabu ni tanjenti ya mwinamo wa kweli.

Panga, sururu na mtaimbo viwe hatua tatu kutoka kwenye dira. Na usimsimamishe kijana chini ya ukuta wa mchanga unaompita kimo, khasa masika. Mchanga ukikaa juu ya kinamo hushika maji na kuteleza wote kwa mara moja, hautoi ishara.

Maalim_Mashapo

Nashika swali la pili, la umri wa miaka, maana ndipo watu wanapopotea kwa haraka ya kutaka tarakimu.

Kila kipimo cha umri kinapima tukio fulani la kitu fulani. Zirkoni, chembe ngumu ya madini yenye urani ndani yake, inapima siku chembe ilipoganda ndani ya volkano au mwamba wa moto. Kombe linapima maji ya bahari liliponyonya madini yake. Hakuna chombo kinachopima "tabaka". Kwa hiyo jiulize kwanza: kitu hiki kilizaliwa pamoja na tabaka, au kiliingia kikiwa tayari kikongwe?

Mfano ni huo mchanga wako wa manjano. Ukiokota zirkoni zake na kuzipima kwa urani na risasi, usishangae ukapata miaka milioni 550 hadi 650, na nyengine zaidi ya milioni 2,500. Hizo ni umri wa miamba ya Bara ambako mchanga ulitoka: ile iliyopikwa wakati mabara yalipogongana kutengeneza bara kuu la kale liitwalo Gondwana, na kiini cha zamani cha kati ya Tanzania. Zinakwambia mto ulitokea wapi. Kuhusu tarehe mchanga ulipotua Pemba zinasema jambo moja tu, kwamba tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko chembe yake changa kabisa. Kinachopimika moja kwa moja ni jivu la volkano lililodondoka na kutulia: utando wa sentimita 1 hadi 10, mweupe au wa majivu, unateleza kama sabuni ukiulowesha, na una vigae vya maika vinavyometa. Ukiupata, chukua kilo 2 hadi 5 kutoka ndani. Ukiukosa, na mara nyingi utaukosa, rudi kwenye visukuku.

Kwa kinamo cha kijivu tafuta foraminifera, viumbe vya bahari vya chembe moja vyenye kombe dogo kuliko punje ya mchele. Kazi inakwenda hivi.

Chimba ndani ya ukuta nusu meta au zaidi, mpaka rangi iwe kijivu tupu. Kinamo kilichoingia wekundu kimekwisha kuoshwa na maji ya mvua yenye tindikali, na makombe yake yameyeyuka. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kusema "sikupata kitu". Tabaka lako la nne liwache, shughulika na la kwanza. Chukua gramu 300, kila sentimita 50 kwenda juu, kila fungu na mfuko wake na alama ndani na nje ya mfuko. Kausha chini ya digrii 50 mpaka kikauke kwelikweli. Kinamo kikavu kikitiwa maji husambaratika chenyewe, kinamo kibichi kitakaa bonge siku tatu. Rowesha kwa maji yenye magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, usiku kucha. Kikikaidi, chemsha kwa moto mdogo.

Kisha osha juu ya chekeche lenye tundu za maikroni 63 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa maji ya upole, mpaka maji yatoke safi. Chekeche la unga halifai, tundu zake ni kubwa mno. Asiyekuwa na chekeche la maabara anaweza kuwamba kwenye fremu nailoni ya kuchapia fulana yenye tundu za maikroni 60 hadi 70. Baina ya sampuli na sampuli, lowesha chekeche katika rangi ya methilini buluu. Chembe yoyote iliyobakia tunduni itapata rangi ya buluu, na ukiiona katika sampuli ya pili utajua si yake. Wanafunzi wengi wameripoti kiumbe kisichostahili kuwepo kwa kuruka hatua hii tu.

Kausha masalio, chekecha tena kwa maikroni 150, mwaga kidogo kwenye sinia nyeusi, chokoa chini ya hadubini kwa brashi nyembamba iliyolowa. Alama moja rahisi kwa vijana ni Orbulina: tufe kamili, jeupe, lenye vitundu vidogo, kama kidonge cha dawa kilichochomwa kwa ncha ya sindano. Ilianza kuonekana baharini kiasi cha miaka milioni 15 iliyopita. Ikiwemo katika kinamo chako, kinamo si cha kabla ya hapo. Isipokuwemo, usiharakishe kusema ni cha kabla, maana kiumbe huyu alielea bahari ya wazi, na kinamo cha mlangoni mwa mto humkosa hata zama zake. Kutokuwepo ni ushahidi dhaifu.

Tahadhari ya kinyume: kiumbe wa zamani anaweza kung'olewa katika tabaka kongwe na kutupwa katika tabaka changa. Ndiyo maana ukutani tunaamini zaidi kuanza kwa kiumbe kuliko kumalizika kwake. Katika kisima cha kutafuta mafuta mambo hugeuka. Vipande vinavyopanda na matope huchanganyika na vilivyoporomoka kutoka juu ya kisima, basi aliyeanza haaminiki na aliyekwisha ndiye anayeaminika. Anayesoma taarifa za kisima cha Zanzibar-1 cha miaka ya 1950, kilichopita meta 4,000, au Pemba-5 cha mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilichopita meta 3,800, alikumbuke hilo kabla hajalinganisha na ukuta wa machimbo.

Na ule utando wa chaza ni hazina. Stronti ni elementi iliyoyeyuka baharini, na uwiano wa aina zake mbili, stronti 87 kwa stronti 86, katika maji ya bahari umekuwa ukipanda tangu kabla ya Miosini. Miaka milioni 23 iliyopita ulikuwa kiasi cha 0.7083, miaka milioni 16 iliyopita kiasi cha 0.7087, na leo ni 0.7092. Bahari zote zina uwiano mmoja wakati mmoja, na kombe linaunakili. Katika Miosini ya mwanzo mstari unapanda kwa kasi, kwa hiyo miligramu chache za kombe zuri zinaweza kukupa umri kwa kosa la chini ya miaka milioni moja. Chaza ni bora kuliko makombe mengine kwa kuwa sehemu kubwa ya kombe lake ni kalsaiti, aina imara ya fuwele za chokaa. Makombe ya aragonaiti, aina nyengine ya fuwele za chokaa, hugeuka upesi ardhini, na yakigeuka hunywa stronti ya maji ya chini ya ardhi. Chukua kipande kinene karibu na bawaba ya kombe, chenye tabaka zinazong'aa kama kucha. Kilichokuwa kama chaki, kitupe. Pima makombe matano yasiyopungua. Yakikubaliana, amini. Yakitawanyika, ama yamegeuka, ama maji ya mto yaliingia kwa wingi pahala hapo, na chaza hupenda mlango wa mto.

bint_Wete

Shukrani sana Maalim, na nyinyi nyote. Mawili ya haraka. Kwa kujua kama jiwe lina chokaa, tunaweza kutumia maji ya betri? Ndiyo yanayopatikana. Na kaboni 14 ina ubaya gani? Makombe si yana kaboni?

Maalim_Mashapo

Maji ya betri usitumie. Achilia mbali hatari ya macho na nguo za watoto, ni tindikali ya salfa, na ikigusa chokaa hutengeneza jasi inayofunika uso wa jiwe. Inatoa povu kidogo halafu inanyamaza, nawe utaandika "chokaa chache" pahala penye chokaa tupu. Tumia tindikali ya hidrokloriki ya asilimia 10 kutoka maabara ya skuli, tone moja. Ukiikosa, kwaruza unga wa jiwe na udondoshee siki. Inakwenda polepole lakini haidanganyi.

Kaboni 14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 kilichobakia hakipimiki tena. Kombe la Miosini halina hata chembe. Lakini maabara haitakujibu "sifuri", kwa sababu kombe limenywa kaboni ya maji ya mvua na ya mizizi. Asilimia 1 tu ya kaboni ya leo katika kombe la miaka milioni 15 itakupa jawabu la miaka 37,000 hivi, limeandikwa vizuri na kosa lake pembeni. Ni jawabu safi la swali lisilokuwepo. Kwa matabaka ya vilima msipoteze fedha huko.

mwana_wa_uwanda

Naongeza kuhusu uwanda, maana wengi wanaujua kwa miguu tu. Kaboni 14 haiufai nao. Kipimo chake ni urani na thoriamu, kinachofika mpaka miaka 500,000 hivi. Matumbawe yaliyo hai hunyonya urani ya bahari, kiasi cha sehemu 3 kwa milioni, bila thoriamu. Thoriamu 230 inayokutwa ndani baadaye imezaliwa humo.

Shida ni kwamba mvua yetu hugeuza aragonaiti ya matumbawe kuwa kalsaiti, na urani huingia na kutoka. Kipande cha pwani unachokiona kigumu kama saruji, kinachometa kwa fuwele kikivunjwa, kimekwisha geuka. Tafuta kile ambacho ukikivunja bado kinaonyesha vyumba vya matumbawe vyembamba, vyeupe, vinavyokwaruzika. Maabara ithibitishe kwa miale ya eksirei kwamba kalsaiti haizidi asilimia chache kabla ya kupima. Makosa ya kuruka hatua hii ni makubwa, na hayaonekani kwenye jawabu.

Kisha usitafsiri kila jiwe lililo juu ya maji kuwa ardhi imeinuka. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari yenyewe ilikuwa meta 6 hadi 9 juu ya ilivyo leo. Tuseme umepata matumbawe ya umri huo, yamesimama yalivyoota, kwenye kimo cha meta 14. Toa 7.5 ya bahari, unabakia na 6.5. Gawa kwa miaka 125,000: milimita 0.05 kwa mwaka, tena ukiwa na kosa la meta moja na nusu ya bahari peke yake. Ukisahau kutoa, utapata zaidi ya mara mbili. Na hiyo meta 14 ipimwe kutoka usawa wa wastani wa bahari, si kutoka pale maji yalipo saa hiyo. Bamvua letu lina tafauti ya meta 4 hivi baina ya kujaa na kupwa. Mwenye kupima wakati wa kupwa na mwenye kupima wakati wa kujaa watatofautiana kwa kiasi kilekile wanachotaka kukiita mwinuko.

kinamo_cheupe

Swali la tatu la bibie ndilo lililonivuta. Unguja na Pemba si ndugu wa tumbo moja. Mkondo wa Unguja, bahari iliyo baina yake na Bara, ni maji mafupi, haufiki meta 100. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipozuia maji na bahari kushuka meta 120 hivi, mtu angetembea kutoka Bara mpaka Unguja. Ndiyo maana pango la Kuumbi, Unguja, lina mifupa ya punda milia. Mkondo wa Pemba una kina kinachofika kiasi cha meta 800. Barafu yoyote isingeufanya nchi kavu.

Sasa hoja ya matabaka: mchanga wa kwazi wa vilima vya Pemba asili yake ni miamba ya Bara, uliletwa na mito ikaumwaga kwenye delta na bahari fupi. Mchanga hauruki bonde la meta 800, unazama humo. Basi mkondo ulivyo leo ulikuja baada ya mchanga wa mwisho uliofika Pemba. Bonde linalokata njia ya mchanga lazima liwe limekuja baada ya mchanga. Kanuni ni ileile ya ufa na tabaka: kinachokata ni changa kuliko kinachokatwa.

dira_na_nyundo

Hoja nzuri, lakini ina mlango wazi. Umechukulia mchanga ulikuja moja kwa moja kutoka magharibi. Delta inaweza kuja kutoka kaskazini au kusini ikaambaa na ukingo wa bonde. Pia bonde linaweza kuwepo, lakini limejaa mashapo mpaka juu kwa wakati ule, kisha likaendelea kuzama. "Mkondo wa kina" na "bonde la ufa" si kitu kimoja. La pili linaweza kuwa kongwe sana.

Na kweli ukingo huu umepasuka zaidi ya mara moja. Mipasuko iitwayo Karuu, ya zama za Permi na Triasi zilizotangulia Miosini kwa mbali, ndiyo ya mwanzo, mashapo yake yapo upande wa Tanga. Kisha bahari ikaingia, na mawe ya chokaa ya Amboni ni ya zama zilizofuata, za Jura. Kutoka Jura ya kati mpaka mwanzo wa Kretasi, zama zinazofuata Jura, Madagascar ikateleza kwenda kusini ikapita mbele yetu. Matabaka ya Miosini unayoyaona Wete ni kurasa za juu kabisa za kitabu hicho, mwinamo wake hauwezi kuwa ushahidi wa kuachana kwa Madagascar wala wa Karuu. Tukio lililoinamisha tabaka lina mipaka miwili tu: ni baada ya tabaka changa kabisa lililoinama, na kabla ya tabaka kongwe kabisa lililolala juu yake. Kwa ukuta wa bibie, ni baada ya kinamo cha nne na kabla ya changarawe. Zaidi ya hapo ni kukisia.

Njia ya kuipima hoja yako ipo kwenye tabaka la pili. Mistari ile ya mshazari ilijengwa na mkondo wa maji, nayo huteremka kuelekea maji yalikokwenda. Pima mistari 25 au zaidi, kila mmoja uelekeo na mteremko. Kisha ondoa mwinamo wa tabaka kabla ya kuchora, maana usipouondoa kila mstari utasogea kuelekea mashariki kwa sababu ya kuinama tu. Utafurahi kuona jawabu ulilolitaka, nalo si la maji. Mielekeo ikija kutoka magharibi katika machimbo kadhaa, hoja yako inapata nguvu. Ikija kutoka kusini, tutazungumza upya.

Kwenye picha za mitetemo za baharini, zinazoonyesha matabaka ya chini kwa mwangwi wa mitetemo, kuna kipimo kilicho bora kuliko vyote. Ufa ukiwa hai wakati mashapo yanaanguka, tabaka huwa nene upande uliozama na jembamba upande wa pili. Ufa ukija baadaye, unene ni mmoja pande zote, umekatwa tu kama mkate.

kinamo_cheupe

Nakubali kuhusu bonde na mkondo, nilizichanganya. Ila naongeza shaka moja kwa upande wako: je, digrii 12 ni kuinama kweli? Mbele ya delta mchanga hujilaza mshazari tangu siku ya kwanza. Na kilima kinachoporomoka huzungusha bonge zima.

dira_na_nyundo

Shaka halali. Ndiyo maana mwinamo usomwe kwenye kinamo na kwenye utando wa chaza, vilivyotulia kwenye maji yasiyo na kasi, usisomwe ndani ya mchanga. Na maporomoko yanajitambulisha kwa kutokubaliana. Soma machimbo matatu yaliyoachana mita mia kadhaa. Yakielekea upande mmoja kwa digrii zinazokaribiana, nchi ndiyo iliyoinama. Kila moja likielekea kwake, ni mabonge ya kilima. Tafuta pia chini ya ukuta uso laini, unaong'aa, wenye michirizi. Hapo ndipo bonge lilipotelezea.

bint_Wete

Upo ukuta wa pili, unakwenda kaskazini kwa kusini, na ule wa mwanzo unakwenda mashariki kwa magharibi. Kwenye kinamo cha kwanza, ukuta wa mwanzo unasoma 12 kuelekea mashariki kama nilivyosema, huu wa pili unasoma 5 kuelekea kusini. Chaza wanafuata vilevile. Na ule mpaka wa wekundu nimeufuata: upande wa kusini changarawe imekaa juu ya kinamo cha nne, ukienda magharibi imekaa juu ya chaza, kisha juu ya mchanga.

dira_na_nyundo

Basi mkato ni wa kweli. Na unaelewana na mwinamo: matabaka yanapanda kuelekea magharibi, kwa hiyo huko ndiko makongwe yanakofika kwenye mkato.

Hesabu: tanjenti ya 12 ni 0.213, ya 5 ni 0.087. Zikizidishwa kwa nafsi zake na kujumlishwa zinatoa 0.053, kipeo chake ni 0.230. Mwinamo wa kweli ni digrii 13. Uelekeo: gawa 0.087 kwa 0.213, unapata 0.41, ambayo ni tanjenti ya digrii 22, kutoka mashariki kwenda kusini, yaani 112 kwenye dira. Unene uliopima wima uzidishe kwa kosaini ya 13, ambayo ni 0.974. Mchanga wa meta 3.1 unakuwa meta 3.02. Tabaka la tano usiliguse, limelala.

Kwenye daftari andika "13 kuelekea 112, kinamo na chaza, kuta mbili", na tarehe. Kinachohitajika sasa ni machimbo mawili mengine.